Stesheni ya Garsdale: Somo la Kuhesabu Abiria

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwaka wa pili, kwenye kozi ya uchumi wa uchukuzi, kundi letu la watu watano lilipewa kazi ya kupendekeza namna ya kupunguza gharama za reli. Tukachukua takwimu za abiria, tukachora jedwali zuri lenye rangi, tukaandika kwa kujiamini kabisa kwamba stesheni ndogo za vijijini ziondolewe kwenye ratiba kwa sababu "hazina abiria". Tulipata B+. Mimi ndiye niliyewasilisha mbele ya darasa, na makofi nilipigiwa.

Wikendi ile nikampigia mama simu kumpa habari njema. Kwetu ni kijiji kidogo kando ya reli, na marehemu bibi alisomesha watoto wake kwa kuuza machungwa kwenye madirisha ya treni. Siku hizi treni haisimami tena pale. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo umeandika kuwa sisi hatukuwepo?"

Nikaanza kumjibu kitaalamu: mama, suala si kuwepo au kutokuwepo, suala ni idadi. Akanikatiza. "Mwanangu, treni ilianza kuja usiku wa manane ndipo watu wakaacha kwenda stesheni. Usigeuze maneno." Akabadilisha mada, akaniuliza kama nakula vizuri.

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata mwaka jana, tena mbali sana, nilipobahatika kwenda kusoma muhula mmoja Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Nililipata kwenye stesheni ya kijijini inayoitwa Garsdale. Makala hii ni somo nililotoka nalo huko.

Kufika Garsdale

Kutoka Leeds unapanda treni inayoelekea Carlisle, mji ulio karibu na mpaka wa Uskoti. Ukishapita mji mdogo wa Settle, nyumba zinakwisha, unabaki na milima, kondoo na kuta za mawe zisizo na saruji. Unavuka daraja la Ribblehead lenye matao 24 na urefu wa mita 400 hivi, unaingia kwenye handaki la Blea Moor ambalo ni zaidi ya kilometa 2, unapita Dent, stesheni iliyo juu kuliko zote kwenye reli kuu za Uingereza, kisha handaki jingine, na hapo ndipo Garsdale. Safari nzima ni karibu saa moja na nusu.

Nilishuka peke yangu. Treni ikaondoka, nikabaki na upepo. Stesheni iko zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake si mchezo, unaingia mpaka kwenye mifupa. Kuna majukwaa mawili, vyumba vya mawe vya kungojea treni, kibanda cha ishara cha mwaka 1910 ambacho bado kinafanya kazi, na safu ya nyumba za mawe zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Duka hakuna. Wala mtu wa kukata tiketi hakuna. Hata kijiji chenyewe cha Garsdale kiko kilometa kadhaa kutoka pale. Nikajisemea: hii ndiyo ile stesheni niliyoifuta kwenye jedwali langu.

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi yeyote angeuliza ni hili: nani alijenga stesheni mahali kama hapa, na kwa nini?

Reli iliyotokana na ugomvi

Katikati ya karne ya 19 reli za Uingereza zilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi zilizokuwa zikigombania abiria na mizigo. Kampuni ya Midland Railway ilitaka njia ya kufika Uskoti. Njia iliyokuwepo upande wa magharibi ilikuwa ya mpinzani wake, London and North Western. Kwenye kijiji cha Ingleton kampuni hizo mbili zilikuwa na stesheni mbili, kila moja upande wake wa bonde. Daraja lilikuwepo, lakini abiria wa Midland walilazimika kushuka, kubeba mizigo yao na kutembea kwa miguu hadi stesheni ya pili. Abiria waliteseka kwa sababu wakubwa hawaelewani. Hilo nasi tunalijua.

Midland wakaamua kujenga njia yao wenyewe, kutoka Settle hadi Carlisle, wakapata kibali cha Bunge mwaka 1866. Kisha mpinzani akalegeza kamba, wakaanza kuelewana, na Midland wakaona hakuna tena haja ya kutumia mamilioni kuchimba milima. Mwaka 1869 wakarudi Bungeni kuomba waruhusiwe kuiacha. Bunge likakataa, kwa kuwa kampuni nyingine zilikuwa zikiitegemea njia hiyo mpya. Ikabidi wajenge.

Ndugu msomaji, zingatia hapo. Reli hii tangu mwanzo haikutakiwa hata na mwenyewe. Ilijengwa kwa kulazimishwa.

Na ujenzi wake ulikuwa wa machozi. Kilometa 116 za milima, mahandaki 14, madaraja marefu zaidi ya 20, na kazi kubwa ikifanywa kwa sururu, koleo, baruti na mikono. Vibarua walifika elfu kadhaa. Waliishi na wake na watoto wao kwenye vibanda vya mbao katikati ya tope, hasa pale Ribblehead. Ndui ikawaingilia, ajali zikawamaliza. Kwenye uwanja wa kanisa dogo la Chapel-le-Dale, karibu na Ribblehead, walizikwa watu wapatao 200, wengi bila hata jiwe lenye jina. Treni za mizigo zilianza mwaka 1875, za abiria tarehe 1 Mei 1876. Stesheni yetu ikafunguliwa Agosti mwaka huo huo, ikiitwa Hawes Junction, kwa sababu hapo njia ndogo ilichepuka kwenda mji wa Hawes. Jina la Garsdale lilikuja kuchukua nafasi baadaye, miaka ya 1930.

Stesheni ilifanya nini hasa

Hapa ndipo jedwali langu lilipokuwa na tundu. Mimi nilihesabu kitu kimoja tu: tiketi zilizouzwa. Tuangalie Garsdale ilikuwa inatoa huduma gani.

Kwanza, ilikuwa njia panda. Abiria wa bonde la Wensleydale walibadilishia treni hapo. Maziwa, jibini, mifugo na mawe ya milimani vilipita hapo kwenda mijini.

Pili, ilikuwa mahali pa kuhudumia injini. Njia inapanda kwa muda mrefu sana, na injini za mvuke zilihitaji msaada wa injini ya pili kupandisha treni nzito. Baada ya kilele, ile ya msaada ilikatwa, ikageuzwa na kurudi. Palikuwa na jukwaa la duara la kugeuzia injini, na inasimuliwa kwamba mwaka 1900 upepo uliivamia injini moja juu yake ikawa inazunguka kama pia, wafanyakazi wakashindwa kuisimamisha. Baada ya hapo wakazungushia ukuta wa mataruma ya reli ili kuzuia upepo. Mwaka 1907 waliweka pia mitaro mirefu ya maji katikati ya reli ili treni ichote maji ikiwa kwenye mwendo, bila kusimama. Baridi ya huko ni kali kiasi kwamba maji hayo yalipashwa moto kwa mvuke yasigande.

Tatu, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi, stesheni ilikuwa ndiyo kijiji. Kwenye chumba cha kungojea treni palifanyika ibada. Palikuwa na maktaba ndogo, vitabu vya wakazi na wafanyakazi kuazima. Na lile tangi kubwa la maji ya injini lilikaa juu ya jengo la mawe, na ndani ya jengo hilo, chini ya tangi, watu walifanya sherehe na kucheza dansi. Yaani unacheza muziki na juu ya kichwa chako kuna maji ya treni.

Sasa niambieni, kwenye takwimu za abiria, ibada inaandikwa safu ipi? Aliyekuja kuazima kitabu bila kupanda treni anahesabiwa wapi?

Mkesha wa Krismasi, 1910

Siwezi kuandika juu ya stesheni hii nikaruka alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1910.

Usiku ule pale stesheni palikuwa na msongamano wa injini zilizokuwa zimemaliza kusukuma treni mlimani na zinataka kurudi makwao. Mfanyakazi wa kibanda cha ishara, Alfred Sutton, alikuwa akizipanga moja baada ya nyingine. Mbili kati yake, zilizounganishwa pamoja, zilisimama kwenye njia kuu zikingoja ishara ya kuelekea Carlisle. Katika pilikapilika zile, Sutton akazisahau. Treni ya abiria iliyotoka London kwenda Glasgow ikawa inakaribia, naye akaifungulia ishara ipite. Madereva wa zile injini mbili walipoona ishara imefunguka wakadhani ni yao. Wakaondoka taratibu. Treni ya abiria ikawafuata kwa kasi kwenye njia hiyo hiyo, ikawagonga kilometa chache mbele. Mabehewa yalikuwa yakiwaka taa za gesi. Moto ukashika. Watu 12 wakafa.

Kulikuwa na kanuni kwa ajili ya hali kama ile. Treni ikisimamishwa muda mrefu kwenye ishara, mmoja wa wafanyakazi wake lazima ashuke, aende kwa miguu hadi kwenye kibanda, amkumbushe mwenye ishara: sisi bado tupo pale. Usiku ule hakuna aliyeshuka kwenda kukumbusha. Baada ya uchunguzi, msukumo mkubwa ukawa ni kuweka mitambo ya umeme kwenye reli inayomwonyesha mwenye ishara kuwa njia ina treni, ili maisha ya watu yasitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja aliyechoka.

Nilisimama muda mrefu nikikitazama kile kibanda. Sutton hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi, na wale waliokuwa mita mia chache kutoka kwake hawakusema kitu. Nilifikiria kanuni ile, na nikamfikiria mama: kwa hiyo umeandika kuwa sisi hatukuwepo?

Kufa kidogo kidogo

Baada ya Vita Kuu ya Pili, magari na malori yalianza kunyang'anya reli kazi yake. Hilo ni kweli na halipingiki. Kwenye bonde la Wensleydale, treni za abiria kati ya Northallerton na Hawes zilisimama mwaka 1954, na kipande kilichobaki, Hawes hadi Garsdale, kikafungwa mwaka 1959. Njia panda ikabaki bila njia ya kupandia.

Mwaka 1963 ikatoka ripoti maarufu ya Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa bodi ya reli za serikali. Ilipendekeza kufungwa kwa maelfu ya stesheni nchini humo. Treni za abiria za Settle hadi Carlisle zilikuwemo kwenye orodha ya kuondolewa. Njia ilinusurika wakati ule, lakini stesheni zake ndogo hazikunusurika: Mei 1970 karibu zote zilifungwa, Garsdale ikiwemo, zikabaki Settle na Appleby tu. Treni ziliendelea kupita. Kusimama, hapana.

Kisha, mwaka 1982, treni za masafa marefu zilizokuwa zikipita hapo kwenda Glasgow zikahamishiwa njia nyingine. Zikabaki treni mbili tu kwa siku kila upande. Daraja la Ribblehead lilikuwa limechakaa na gharama ya kulitengeneza ikakadiriwa karibu pauni milioni 6. Mwishoni mwa mwaka 1983 shirika la reli likaanza kutangaza nia ya kuifunga njia, moja ya hoja ikiwa kwamba gharama ni kubwa na abiria ni wachache.

Wasomi wa uchukuzi, hebu tupange matukio haya kama tunavyopanga kwenye hesabu. Kwanza stesheni zinafungwa. Pili treni zinapunguzwa. Tatu abiria wanahesabiwa. Nne inatangazwa kuwa abiria hawapo. Ukianza kusoma kuanzia hatua ya tatu, kama nilivyofanya mimi, kila kitu kinaonekana sahihi kabisa.

Watu, na mbwa mmoja

Wenyeji na wapenzi wa njia ile walikuwa wameshaanza kunusa. Tangu mwaka 1975 hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales ilikuwa ikikodi treni za mwisho wa wiki zinazosimama kwenye stesheni zilizofungwa, ili watembea milimani washuke. Ikaonekana kwamba ukisimamisha treni, watu wanapanda. Mwaka 1981 kikaundwa chama cha marafiki wa njia ya Settle hadi Carlisle. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Graham Nuttall, aliyekuwa akisafiri na mbwa wake aitwaye Ruswarp.

Kulikuwa na utaratibu wa kisheria ambao walitumia vizuri. Njia ikitaka kufungwa, watumiaji wana haki ya kuandika pingamizi, na kamati za kuwatetea abiria zinasikiliza. Lakini kamati hizo zilitakiwa kuangalia jambo moja tu: ugumu wa maisha ambao watumiaji watapata. Uzuri wa milima haukuhesabiwa. Historia haikuhesabiwa. Kwa hiyo ilibidi kila mtu aandike kwa jina lake anatumiaje treni ile na atapata shida gani ikiondoka. Mgonjwa aandike habari ya hospitali. Mwanafunzi aandike habari ya shule.

Zilipokelewa barua zaidi ya 22,000. Na pingamizi moja lilikuwa na alama ya unyayo badala ya saini. Lilikuwa la Ruswarp. Kwa kuwa alikuwa akilipiwa nauli, alikuwa mtumiaji halali, na likapokelewa. Tunaweza kucheka, lakini ucheshi ule uliingia magazetini na kufikisha habari mahali ambapo jedwali lisingefika.

Kuna mtu mwingine wa kumkumbuka. Shirika la reli lilimteua meneja aitwaye Ron Cotton kusimamia ufungaji. Badala ya kukaa akingoja njia ife, Cotton alishusha nauli, akatangaza safari, akaongeza nafasi za kukaa. Julai 1986 stesheni 8 ndogo zikafunguliwa tena, Garsdale ikiwa mojawapo. Safari za abiria zilizokuwa 93,000 mwaka 1983 zikafika 450,000 mwaka 1989. Mafundi nao, walipofanya matengenezo ya majaribio kwenye lile daraja, wakakuta gharama ni ndogo sana kuliko ilivyodhaniwa.

Tarehe 11 Aprili 1989 serikali ikatangaza kwamba njia haifungwi. Michael Portillo, aliyekuwa mmoja wa mawaziri wa uchukuzi wakati huo, amesema mara nyingi kuwa anajivunia uamuzi ule kuliko mengine aliyoyafanya.

Graham Nuttall hakuishi sana baada ya ushindi. Januari 1990 alikwenda kutembea na mbwa wake kwenye milima ya Wales, hakurudi. Mwili wake ulipatikana mwezi Aprili. Ruswarp, mbwa mzee wa miaka 14, alikuwa amekaa pembeni yake kwa wiki 11 za majira ya baridi. Alikuwa dhaifu hata kutembea hawezi, akabebwa. Aliishi mpaka mazishi ya bwana wake, akafa muda mfupi baadaye. Tarehe 11 Aprili 2009, miaka 20 tangu njia iokolewe, sanamu yake ya shaba iliwekwa Garsdale. Ipo pale kwenye jukwaa. Nilikaa karibu nayo nikala mkate wangu.

Garsdale leo

Nisije nikawadanganya kuwa stesheni hii sasa ni kama Ubungo. Treni zinasimama chache, kila baada ya saa mbili hivi. Ukichelewa moja, utaujua ule upepo vizuri. Lakini vyumba vya kungojea vimekarabatiwa, na watu wa kujitolea wanaendelea kuitunza njia na stesheni zake. Kuna basi dogo la wanajamii linaloitwa Little White Bus linalounganisha stesheni na mji wa Hawes, umbali wa kilometa 10 hivi. Reli ya kwenda Hawes ilikufa, lakini kazi yake kuna mtu ameibeba. Na njia kuu imeendelea kupitisha treni za mizigo, na husaidia pale njia nyingine ya kwenda Uskoti inapofungwa kwa matengenezo. Faida hiyo nayo haionekani ukihesabu tiketi za Garsdale peke yake.

Siku ile nilirudi Leeds na treni ya jioni. Tuliopanda Garsdale tulikuwa watatu: mimi, na wazee wawili, mke na mume, wenye fimbo za kutembelea. Watatu. Kwenye jedwali langu la zamani, hao ni sifuri.

Tubebe nini kutoka hapa

Sitaki msomaji aondoke akidhani nasema kila stesheni iokolewe. Fedha zina mwisho, na kuna njia ambazo kweli muda wake umepita. Hata ongezeko lile la abiria wa Settle hadi Carlisle lilichangiwa na watu waliokwenda kuiaga njia waliyosikia inakufa. Nchi nyingine ina barua 22,000 na bado haina wa kuzisoma. Lakini nimejifunza kwamba kabla hujaandika neno "hazina abiria" kwenye kazi yako, kuna maswali manne ya kujibu:

1. Takwimu zimechukuliwa lini? Kabla huduma haijapunguzwa, au baada ya hapo?

2. Ratiba ilikuwa inamfaa nani? Treni ya saa nane usiku haiwezi kutumika kama ushahidi kuwa muuza machungwa hataki treni.

3. Huduma gani zilizotolewa pale hazikatiwi tiketi? Soko, ibada, habari, barua, mahali pa kukutana.

4. Watumiaji wenyewe wameulizwa, na kuna mahali halali pa kuandika majibu yao?

Hapa kwetu tumeona jambo linalofanana. Treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019, ikafika Arusha Oktoba 2020, baada ya kutokuwepo kwa zaidi ya miaka 20. Kipindi chote hicho mtu angeweza kuhesabu abiria wa njia ile akapata sifuri, na hesabu ingekuwa sahihi. Watu walikuwepo siku zote, wanapanda mabasi.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani na daftari. Asubuhi tatu mfululizo nilikaa barabarani, pale watu wa kijiji chetu wanapongojea magari, nikawa nahesabu: wangapi wanakwenda mjini, wana mizigo gani, wanalipa nauli kiasi gani, wangepanda treni kama ingepita saa ngapi. Si utafiti wa kuchapisha, ni mwanzo tu. Mama alikuja na kiti chake, akakaa pembeni yangu, akawa ananisahihisha: "Yule usimwandike mara mbili, ameenda kufuata chenji." Siku ya pili alileta na mama Zaina, ambaye naye aliwahi kuuza machungwa pale stesheni na bibi. Huyo alikumbuka idadi ya magunia kwa kila treni, msimu kwa msimu. Nimeyaandika yote.

Ile kazi ya mwaka wa pili siwezi kuirudisha, B+ imeshaingia kwenye matokeo. Ila mwaka huu nina tasnifu, na mada nimeshampelekea msimamizi wangu. Kama kuna mwenzangu anayetoka kwenye kijiji chenye stesheni iliyonyamaza, anitafute tuunganishe madaftari.